Linux iliyosakinishwa kiwandani

Kitenzi kusakinisha kimeshazoeleka katika vitabu vya kompyuta kwa maana ya kuweka programu ndani ya mashine. Mzizi wake ni ule ule wa maskani: kusakini ni kukaa mahali, na kusakinisha ni kukipa kitu makao. Madukani watu husema kuinstall, au kuweka Windows tu, na wanaelewana vizuri. Tatizo linaanza pale tangazo linapotaja mfumo wa uendeshaji “uliosakinishwa awali”. Tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza pre-installed inataja wakati peke yake, kwamba mfumo uliingia kabla kompyuta haijamfikia mnunuzi. Haisemi aliyeuweka ni nani, wala nani atawajibika mashine ikigoma. Kwa mnunuzi wa Garissa, Wajir au Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, hilo la nani ndilo lenye uzito, na ndiyo maana ninatetea istilahi nyingine: mfumo uliosakinishwa kiwandani.

Tazama biashara yenyewe ilivyo. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini Garissa hupitia Nairobi, na nyingi ni mitumba iliyotoka maofisini ng’ambo, zile ziitwazo ex-UK. Hata iliyo mpya huweza kuandikwa FreeDOS kwenye sanduku. FreeDOS ni mfumo mdogo wa bure. Ukiwasha mashine unaona kioo cheusi chenye herufi nyeupe, basi. Mtengenezaji huuweka ili auze kompyuta bila kulipia leseni ya Windows. Kisha mara nyingi fundi wa duka huchomeka flashi, akaweka Windows isiyo na leseni pamoja na programu ya kuilaghai ikubali kufanya kazi, na mteja huondoka akiamini amenunua kitu kamili. Ukifuata tafsiri ya “awali”, mashine hiyo imetimiza sharti, kwa kuwa mfumo ulikuwemo kabla ya pesa kubadilisha mikono. Lakini hakuna kampuni yoyote iliyoahidi kwamba mfumo ule na vifaa vile vinapatana.

Ahadi hiyo ndiyo kiini cha kusakinisha kiwandani. Dell ilipoanza kuuza kompyuta za kawaida zenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya mfumo wa Linux, Mei 2007, jambo kubwa halikuwa Linux, maana Linus Torvalds aliitoa tangu 1991. Kubwa lilikuwa kwamba kampuni yenye jina ilibeba dhamana yake. Kabla ya hapo Windows ilijengewa nafasi yake kwa mikataba: hadi makubaliano ya 1994 na Wizara ya Sheria ya Marekani, Microsoft iliweza kumtoza mtengenezaji kwa kila kompyuta aliyouza, hata ile isiyokuwa na Windows ndani. Leo System76 ya Denver, iliyoanzishwa 2005, na Tuxedo ya Ujerumani zinaishi kwa kuuza mashine za Linux, na Lenovo ilianza 2020 kuuza baadhi ya kompyuta zake za ThinkPad zikiwa na Fedora, aina nyingine ya Linux. Kazi inayofanywa huko haionekani kwa macho. Huchaguliwa kadi ya Wi-Fi ambayo Linux inaitambua, hupimwa kama kompyuta ikifunikwa inalala kweli na ikifunuliwa inaamka, hurekebishwa feni na matumizi ya betri. Garissa, ambako joto la Machi hupita digrii 35, kompyuta isiyolala ndani ya mkoba hupika betri yake yenyewe.

Kuna watakaosema Linux ni ya bure na fundi yeyote mwenye flashi anaweza kuiweka kwa saa moja, sasa kwa nini mtu alipie kiwanda? Hoja hiyo ni ya kweli kwa mtu aliye karibu na fundi anayeijua Linux. Lakini Garissa iko kilomita zaidi ya 350 kutoka Nairobi, na Mandera iko mbali mara kadhaa ya hapo. Mwalimu ambaye Wi-Fi yake haionekani baada ya kusakinisha hana hata njia ya kupakua kiendeshi kinachokosekana. Pia ni kweli kwamba wauzaji maalumu wa ng’ambo hawatufai sana, kwa sababu ya gharama ya kusafirisha na ya kurudisha kifaa kibovu. Kwa hiyo njia iliyo wazi ni kampuni kubwa zenye mawakala Nairobi: kuomba modeli iliyoidhinishwa kwa Ubuntu na Canonical, kampuni inayoitoa Ubuntu, na kudai iandikwe hivyo kwenye ankara. Kuna pingamizi jingine, la nyaraka za kazi, nalo lina uzito zaidi, kwani faili za Excel zenye makro mara nyingi hazifunguki sawasawa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux. Hata hivyo KRA yenyewe, mamlaka ya mapato ya Kenya, imewahi kutoa fomu za iTax, mfumo wake wa kodi mtandaoni, kwa muundo wa ODS unaotumiwa na LibreOffice, sambamba na Excel, jambo linaloonyesha kwamba ofisi ya umma ikitaka, inaweza.

Suala hili linazidi uzito kwa wanunuzi wa umma. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazifikii masharti ya Windows 11, kwa hiyo shule na ofisi za kaunti zitalazimika kuamua. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inakataza kutaja chapa fulani katika mahitaji ya kiufundi bila sababu ya msingi na bila kuruhusu kilicho sawa nayo. Zabuni ya kompyuta za Chuo Kikuu cha Garissa au za shule ya Wajir inaweza basi kueleza kazi yenyewe: mfumo wa uendeshaji wenye leseni halali, uliosakinishwa kiwandani au na wakala aliyeidhinishwa, ukiwa umejaribiwa kwa Wi-Fi, sauti, kulala na kuamka, na ambao muuzaji atausakinisha upya bila malipo ukiharibika ndani ya muda wa dhamana.