Nyanya za Zambarau na Bustani Zilizozitunza

Anayenunua nyanya sokoni, awe Kariakoo, Marikiti ya Nairobi au duka kubwa la Chicago, hununua nyekundu. Tumeizoea rangi hiyo kiasi kwamba nyingine yoyote huonekana ni kasoro au mchezo wa wataalamu. Hata hivyo nyanya za zambarau zina historia yake, na historia hiyo ina jambo la kutufundisha kuhusu nani hasa huamua chakula chetu kiwe cha namna gani. Hoja yangu ni kwamba nyanya hizi hazikuletwa na soko. Soko lilizipita, na mahali pengine lilizifuta bila kujua. Waliozibeba kutoka kizazi hadi kizazi ni watu waliolima nyuma ya nyumba ili wale wenyewe, na hata pale wanasayansi walipoingia kazini, zao lao lilirudi kwenye bustani hizohizo. Anayetaka kuchagua mbegu leo atachagua vizuri zaidi akiijua historia hii, kwa sababu jina “zambarau” linafunika vitu vitatu tofauti kabisa.

Cha kwanza ni nyanya za zamani, na maarufu kuliko zote ni Cherokee Purple. Mwaka 1990 mkemia wa Marekani aitwaye Craig LeHoullier, ambaye alikuwa akikusanya mbegu za nyanya za kale, alipokea kwa posta bahasha yenye mbegu kidogo kutoka Sevierville, jimbo la Tennessee. Barua iliyoambatana nazo ilieleza kwamba nyanya hiyo ya zambarau haikuwa na jina, kwamba mtumaji aliipata kwa majirani, na kwamba ukoo wa majirani hao uliipokea kwa Wacherokee miaka mia moja hivi nyuma. LeHoullier aliipanda, akaipa jina, akaipeleka kwa kampuni ndogo za mbegu, na kutoka hapo ikaenea dunia nzima. Ikatwe moja tuone: mabega yamebaki kijani hata tunda likiiva, mnofu ni mwekundu wa giza unaokaribia rangi ya damu iliyoganda, na utelezi unaozunguka mbegu ni wa kijani kibichi. Kijani hicho ndicho siri yenyewe. Katika nyanya ya kawaida umbijani huvunjika tunda linapoiva na kuiachia nafasi likopini, ile rangi nyekundu. Katika nyanya hizi jeni inayoongoza uvunjaji huo ina hitilafu, kwa hiyo umbijani hubaki, likopini huja juu yake, na macho yetu yakiona kijani na nyekundu pamoja huona rangi ya kahawia au zambarau. Ganda nalo lina sauti yake katika jambo hili. Likiwa angavu, tunda huonekana zambarau yenye uwaridi. Likiwa la manjano, mnofu uleule huonekana kahawia. LeHoullier aliliona hilo shambani mwake miaka michache baadaye, Cherokee Purple ilipotoa mmea ambao matunda yake yalikuwa ya kahawia. Kilichobadilika kilikuwa ganda tu, na aina hiyo mpya ikaitwa Cherokee Chocolate.

Mtu makini atauliza: tutajuaje kwamba nyanya hiyo ilitoka kwa Wacherokee kweli? Swali ni la haki, na jibu la kweli ni kwamba hakuna hati ya kuthibitisha. Kuna barua moja inayosimulia yaliyosimuliwa. Tena nyanya si mmea wa asili wa Tennessee. Chimbuko lake ni Amerika Kusini, ikafugwa hadi kuwa zao la bustani Meksiko, ikavuka kwenda Ulaya, na sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini iliipata kwa wahamiaji. Lakini tusikimbilie kuitupa simulizi. Sevierville iko chini ya milima ya Great Smoky, na ng’ambo ya milima hiyo, upande wa North Carolina, ndiko walikobaki Wacherokee ambao hawakuhamishwa wakati serikali ya Marekani ilipowafukuza wenzao mwaka 1838 na kuwaswaga kuelekea magharibi, safari iliyoua maelfu na inayoitwa hadi leo Njia ya Machozi. Kwamba mbegu zilipita kati ya majirani wa pande mbili za milima si jambo la ajabu hata kidogo. Na hata tukiiweka kando sehemu hiyo ya habari, sehemu inayobaki inatosha kwa hoja hii: kwa miaka mingi familia zisizo na kampuni wala cheti ziliikausha mbegu ya nyanya isiyo na jina, zikaitunza na kuipanda tena msimu uliofuata, kwa sababu zilipenda kuila. Mlolongo huo ungekatika mara moja tu, nyanya isingekuwapo.

Kwa nini basi wakulima wakubwa hawakuitaka? Sababu za wazi zinajulikana: tunda ni zito, gramu 300 hivi, ganda lake ni laini, hupasuka mvua ikinyesha ghafla baada ya ukame, na halistahimili safari ya lori. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, nayo ni yale mabega ya kijani. Kwa takriban miaka 70 wazalishaji wa mbegu za biashara walichagua mimea ambayo matunda yake mabichi yana rangi moja hafifu kuanzia juu hadi chini, ili yaive sawasawa na mchumaji ajue kwa kutupa jicho tu kwamba wakati umefika. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Ann Powell wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha katika jarida la Science maelezo ya jeni iliyokuwa ikichaguliwa muda wote huo. Waligundua kwamba jeni iliyoharibika ni ileile inayosaidia tunda kujijengea viwanda vyake vya umbijani, na kwamba tunda lenye jeni nzima hupata sukari zaidi. Kwa maneno mengine, soko lilipotafuta wekundu ulio sawa lilipunguza utamu, na halikujua linafanya hivyo. Nyanya za zamani zenye mabega ya kijani hazikupita katika chujio hilo. Zilihukumiwa na walaji wake, na mlaji hakuwa na haja ya kuyachukia mabega.

Ulaya ya mashariki inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Katika Muungano wa Kisovyeti mamilioni ya watu wa mijini walilima mboga kwenye viwanja vidogo nje ya miji, na huko nyanya za giza zilipendwa na kutunzwa. Black Krim, yenye jina la rasi ya Crimea, iliingia katika orodha za wakusanyaji wa Marekani mwaka 1990. Nyingine ya Urusi, tunda la kahawia inayokaribia weusi, iliitwa Paul Robeson, kwa heshima ya mwimbaji Mwafrika-Mmarekani aliyependwa sana kule. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulikumbuka jina hilo: Robeson alipokuwa London katika miaka ya 1930 alijiandikisha kusoma lugha za Afrika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Nchi yake mwenyewe ilimnyang’anya pasipoti mwaka 1950 na kumnyima ruhusa ya kusafiri hadi mwaka 1958. Vita Baridi vilipokwisha mbegu yenye jina lake ilisafiri kutoka Urusi hadi Marekani kwa mikono ya wabadilishanaji mbegu. Hao walikuwa tayari na mahali pa kukutania, jumuiya ya Seed Savers Exchange, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Kent na Diane Whealy baada ya babu yake Diane kumkabidhi mbegu ambazo ukoo wake ulihama nazo kutoka Bavaria. Mfumo wa jumuiya ulikuwa rahisi: mwanachama anaandika alichonacho, mwingine anaomba, bahasha inatumwa.

Kuna pingamizi zito zaidi. Aliyezoea bilinganya atasema kwamba Cherokee Purple na jamaa zake si zambarau ya kweli, kwani hazina anthosianini, rangi inayopaka ganda la bilinganya na zabibu nyeusi. Nyanya zenye rangi hiyo zilitoka vyuoni, kwa hiyo sifa ziende kwa maabara. Nusu ya kwanza ya pingamizi ni sahihi kabisa. Zambarau ya aina ya pili ilipatikana kwa kuzalisha nyanya ya kawaida na ndugu zake wa porini: mmoja wa Chile, Solanum chilense, na mwingine wa visiwa vya Galápagos, Solanum cheesmaniae. Katika Chuo Kikuu cha Oregon State, Jim Myers na wanafunzi wake walikutanisha jeni hizo kwa njia ya kale ya kuchavusha, kuchagua na kuchavusha tena, na mwaka 2012 wakaitoa Indigo Rose. Lakini malighafi yao iliokolewa na nani? Mimea mingi ya porini ya aina hiyo ilikusanywa na kutunzwa na watu kama Charles Rick wa Davis, aliyezunguka Andes na Galápagos kwa miongo mingi akichukua mbegu za vijitunda ambavyo hakuna mfanyabiashara angevitazama mara mbili. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mbegu za nyanya za Galápagos, ambazo ni ngumu kuotesha, huota vizuri zikipita tumboni mwa kobe wakubwa wa visiwa hivyo. Na Indigo Rose ilipokamilika haikulengwa kwa makopo wala kwa malori. Ililengwa kwa walimaji wa bustani, na ndio walioipokea. Chuo kiliifanya kazi ambayo bustani isingeweza kuifanya. Bustani iliipa kazi hiyo sababu ya kuwapo.

Indigo Rose ni tunda la sentimita tano hivi, na rangi yake hulitegemea jua. Upande unaopigwa na mwanga huwa zambarau nzito karibu na weusi, upande uliofichwa na jani hubaki kijani hadi unapoiva na kuwa mwekundu, na ukivitoa vijani vya kikonyo utakuta chini yake nyota ya kijani isiyo na doa. Ganda peke yake ndilo lenye anthosianini. Ndani ni nyanya nyekundu kama nyingine. Mpandaji asiyelijua hili huchuma mapema mno, maana tunda huwa zambarau likiwa bado bichi. Dalili ya kuiva ni upande wa chini kuacha ukijani na ganda kupoteza mng’ao.

Zambarau ya tatu ilizaliwa Norwich, Uingereza, katika kituo cha John Innes. Cathie Martin na wenzake waliingiza katika nyanya jeni mbili za ua la Antirrhinum, nazo zikawasha utengenezaji wa anthosianini ndani ya mnofu wote. Makala yao ya mwaka 2008 ilieleza kwamba panya waliozalishwa wawe wepesi kupata saratani waliishi wastani wa siku 182 walipolishwa unga wa nyanya hizo, ikilinganishwa na siku 142 kwa wenzao. Ilichukua hadi Septemba 2022 kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani kuiruhusu ilimwe kama nyanya nyingine, na mapema mwaka 2024 mbegu zikaanza kuuzwa, tena kwa walimaji wa bustani za nyumbani. Naliona hili kuwa ushahidi wenye uzito: hata tunda lililotengenezwa kwa vinasaba vya ua, lenye wanasayansi na wawekezaji nyuma yake, lilianzia palepale walipo watu wanaolima ili wale. Kuhusu afya, naomba tahadhari. Panya hao hawakuwa wa kawaida, na jaribio la panya si tiba ya binadamu. Mwenye kupanda nyanya ya zambarau kama dawa anaidai zaidi ya ilichoahidi.

Kwa anayechagua sasa, historia hii inaonyesha njia. Akitaka ladha, achukue za zamani, Cherokee Purple, Black Krim au Paul Robeson, akubali mipasuko na mavuno ya wastani. Akitaka rangi ya bilinganya kwenye sahani, achukue jamii ya Indigo na aipande penye jua la siku nzima. Zote hupenda usiku wenye ubaridi. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofika na maua hupukutika, kwa hiyo Lushoto au Limuru zitazaa vizuri kuliko Tanga au Mombasa. Nyanya hujichavusha yenyewe mara nyingi, ila baadhi ya aina za zamani zina maua ambayo nyuki huweza kuchanganya, hivyo mwenye aina mbili jirani afunge kishada kimoja cha maua kwa kifuko cha kitambaa chepesi hadi vitunda vianze. Mbegu achukue kwenye mmea bora, asidanganywe na tunda moja kubwa la mmea dhaifu. Azikamulie pamoja na utelezi wake ndani ya kikombe, aziache zichache siku mbili au tatu mpaka utelezi utengane, azioshe, azianike kivulini juu ya sahani, kisha aandike kwenye bahasha jina la aina, mwaka, na alizitoa kwa nani. Hilo la mwisho ndilo ambalo majirani wa Sevierville hawakuliandika, na ndiyo maana leo tunabishana juu ya Wacherokee.