Mnara wa wapanda farasi Hyde Park: shujaa wa shaba na farasi wasiotajwa

MGENI anayeingia katika bustani ya Hyde Park jijini London kwa lango la kusini mashariki, akafuata barabara ya Serpentine, hatatembea dakika nyingi kabla ya kukutana na shujaa wa shaba nyeusi aliyeketi juu ya farasi, upanga wake ameuinua juu. Chini ya kwato za farasi huyo limelala joka lililokwisha kufa.

Shujaa huyo ni Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza. Mnara wenyewe ni ukumbusho wa askari wapanda farasi wa iliyokuwa Dola ya Uingereza waliopoteza maisha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Umesimama karibu na banda la muziki, si mbali na maji ya Serpentine ambayo watu wengi huyaita ziwa. Asili yake ni mto. Mwaka 1730 Malkia Caroline, mke wa Mfalme George wa Pili, aliamuru mto Westbourne uzibwe ili maji yatande na kuipamba bustani. Leo mto huo hupita chini ya ardhi, na abiria wanaosubiri treni katika kituo cha Sloane Square wanaweza kuona bomba kubwa la chuma likikatiza juu ya vichwa vyao bila kutambua kwamba ndani yake mto mzima unakwenda kumwagika Thames.

Mnara ulizinduliwa Mei 21, 1924 na Jemadari Mkuu John French, ambaye naye alikuwa mpanda farasi na ndiye aliyeongoza jeshi la Uingereza nchini Ufaransa vita ilipoanza mwaka 1914. Shaba yake ilipatikana kwa kuyeyusha mizinga iliyotekwa kutoka kwa adui. Mavazi ya chuma aliyovaa Mtakatifu George yameigwa kutoka sanamu ya karne ya 15 iliyo juu ya kaburi la mmoja wa wakuu wa Warwick, na kuzunguka kitako cha mnara wamechongwa wapanda farasi wakienda mbio.

Hapo ulipo leo sipo ulipojengwa. Mwanzoni ulisimama Stanhope Gate, upande wa mashariki wa bustani, ukahamishwa mwaka 1961 wakati barabara ya Park Lane ilipopanuliwa. Inachekesha kidogo kwamba farasi, aliyekwisha kuondolewa jeshini na injini, aliondolewa tena barabarani kupisha magari, safari hii akiwa wa shaba.

Vita vyenyewe vilianza kwa farasi. Agosti 22, 1914, katika kijiji cha Casteau karibu na mji wa Mons nchini Ubelgiji, kikosi cha wapanda farasi kilikutana na doria ya Wajerumani, na hapo ndipo jeshi la Uingereza lilipofyatua risasi yake ya kwanza katika bara la Ulaya. Kabla ya hapo, maofisa wa serikali walikuwa wamezunguka mashambani na mijini wakichukua farasi wa wakulima, wa magari ya mizigo na wa matajiri. Zaidi ya farasi 100,000 walikusanywa kwa muda wa wiki mbili hivi.

Baada ya miezi michache hali ilibadilika kabisa. Mahandaki, seng'enge na bunduki za rashasha viliyageuza mashambulizi ya farasi kuwa njia ya haraka ya kwenda kaburini. Vikosi vilikaa nyuma ya mstari wa mbele mwezi baada ya mwezi vikisubiri upenyo, na mara nyingi askari wake walishushwa kwenye matandiko wakapelekwa mahandakini kupigana kwa miguu.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hawakufanya lolote. Machi 30, 1918 wapanda farasi wa Kanada walishambulia msitu wa Moreuil nchini Ufaransa na kusaidia kuwazuia Wajerumani waliokuwa wakisonga kuelekea Amiens. Huko Palestina, ambako nafasi ilikuwa pana na mahandaki machache, Septemba 23, 1918 wapanda farasi wa Kihindi kutoka Jodhpur na Mysore waliuteka mji wa Haifa. Mnara wa Hyde Park uliwekwa na wapanda farasi wa dola nzima, wala si wa Waingereza peke yao, na anayeutazama hana budi kulikumbuka hilo.

Jambo linalostahili kumsimamisha mgeni kwa muda mrefu zaidi ni mtu aliyeichonga sanamu hiyo. Adrian Jones, aliyezaliwa mwaka 1845, hakuanza maisha kama msanii. Alikuwa daktari wa mifugo wa jeshi. Alifuatana na msafara wa Waingereza uliovamia Uhabeshi mwaka 1868, akahudumu Afrika Kusini mwaka 1881, kisha katika msafara wa mto Nile mwaka 1884. Alitumia zaidi ya miaka 20 kutibu farasi wa jeshi kabla ya kustaafu na kushika uchongaji. Farasi wanne walio juu ya Tao la Wellington, hatua chache kutoka lango la bustani, nao ni kazi yake ya mwaka 1912.

Kwa hiyo mkono uliomchonga farasi huyu mnene, mwenye shingo iliyojaa na asiye na jeraha hata moja, ndio ule ule uliokwisha kuwashika farasi waliovunjika miguu, waliokonda kwa njaa na waliooza migongo kwa kusuguliwa na matandiko. Jones aliujua ukweli wa farasi wa vita kuliko wachongaji wengi wa zama zake. Ukweli huo haumo katika shaba yake.

Jeshi la Uingereza lilipoteza takriban farasi na nyumbu 484,000 katika vita hiyo. Wengi hawakufa kwa risasi wala mizinga. Karibu robo tatu waliuawa na baridi, matope, njaa, maradhi na uchovu wa kuvuta mizigo. Hospitali za mifugo za jeshi zilifanya kazi kubwa, zikapokea wagonjwa takriban milioni 2.5 na kuwarudisha kazini karibu wanane kati ya kila 10. Kurudishwa kazini, bila shaka, kulikuwa na maana ya kurudishwa matopeni.

Afrika Mashariki ilitoa funzo chungu kuliko Ulaya. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alileta wapanda farasi kutoka Afrika Kusini kuja kupigana na Wajerumani katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Mwezi Aprili mwaka huo brigedi ya Jenerali van Deventer ilikwenda mbio katika mvua za masika hadi Kondoa Irangi. Ilifika, lakini njia nzima nyuma yake ilikuwa imejaa mizoga. Adui mkubwa wa farasi huko hakuwa Mjerumani bali mbung'o, ambaye ugonjwa anaoueneza, nagana, huua farasi na nyumbu kwa wingi.

Farasi walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa watu. Wapagazi wa Kiafrika walichukuliwa kwa malaki, na hata kwa hesabu rasmi za Waingereza, ambazo wanahistoria huziona kuwa ndogo mno, waliokufa ni zaidi ya 40,000. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, na la Kariokor jijini Nairobi, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Sanamu za askari zilizosimamishwa katika miji hiyo miwili ni ndugu wa mnara huu wa Hyde Park, ingawa ile ya Nairobi inamwonyesha pia mpagazi, jambo ambalo wachongaji wa London hawakulifikiria kwa farasi wao. Maandishi ya mnara wa Hyde Park yanawakumbuka wenzao waliotoa maisha. Farasi hawatajwi.

Ilichukua miaka 80 kupata jibu. Novemba 24, 2004 Binti Mfalme Anne alizindua mnara wa wanyama waliokufa vitani, ukingoni mwa bustani hiyo hiyo, Brook Gate kwenye barabara ya Park Lane. Uliochongwa na David Backhouse, unaonyesha nyumbu wawili wa shaba waliolemewa na mizigo wakipanda ngazi kuelekea mwanya katika ukuta mrefu wa mawe. Ng'ambo ya ukuta wako farasi na mbwa, hawana mzigo tena. Maandishi mafupi yanasema kwamba wanyama hao hawakuwa na hiari. Hakuna upanga wala joka.

Mgeni mwenye nafasi afanye safari ya mnara hadi mnara. Upande wa kusini wa bustani, kwenye barabara ya South Carriage Drive, kuna ukumbusho mdogo wa askari wanne wa kikosi cha walinzi wa Malkia waliouawa kwa bomu la IRA Julai 20, 1982. Farasi saba walikufa siku hiyo, na mmoja aliyejeruhiwa vibaya, aitwaye Sefton, alipona na kurudi kazini. Kambi ya kikosi hicho ipo jirani, na wapanda farasi wanapopita hapo kwenda kupokezana zamu, hutoa heshima kwa wenzao.

Anayependa kuiona kazi nyingine ya Jones aende ukingo wa Thames upande wa Chelsea, penye mnara wa kikosi cha Carabiniers kilichopigana Afrika Kusini kati ya mwaka 1899 na 1902. Vita hiyo ilimaliza farasi zaidi ya 300,000 wa jeshi la Uingereza.

Kila mwaka mwezi Mei, wapanda farasi wastaafu na walio kazini huandamana katika bustani ya Hyde Park kuwakumbuka wenzao, wakiwa wamevaa suti nyeusi na kofia za mviringo, mwavuli mkononi na nishani kifuani. Siku hiyo bustani hujaa, kwa hiyo anayetaka utulivu achague siku nyingine.

Kuingia ni bure. Bustani hufunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 6 usiku. Kituo cha treni kilicho karibu na mnara wa wapanda farasi ni Hyde Park Corner. Kwa mnara wa wanyama, shuka Marble Arch.