Neno "Mũirĩtu" na Mgogoro wa Kirore, 1929–1930

Mmisionari aliyemfundisha mtoto kusoma alikusudia apate muumini mtiifu. Mara nyingine alipata mtu wa kumhoji. Jambo hili lilidhihirika Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako Africa Inland Mission ilijenga kituo mwaka 1903.

Vijana waliolelewa katika misheni hiyo walikatazwa pombe, tumbaku, ngoma za jadi na mitala. Mwaka 1929 misheni hiyo, pamoja na ile ya Waskoti, ilidai walimu na waumini wathibitishe kwa sahihi au alama ya kidole gumba kwamba wameikana tohara ya wasichana. Alama hiyo huitwa kĩrore kwa Kikuyu, na waliotii wakabandikwa jina hilo. Waliokataa wakajiita Karĩng'a, yaani halisi. Wengi walihama kanisa. Wimbo wa Mũthĩrĩgũ, uliowakejeli wamisionari, ulienea hata serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930.

Hata hivyo, waliohama hawakuitupa Biblia. Agano Jipya la Kikuyu lilikuwa limechapishwa mwaka 1926, na humo Bikira Mariamu ameitwa mũirĩtu. Katika matumizi ya Wakikuyu wa wakati huo, mũirĩtu ni msichana aliyekwisha kutahiriwa na hajaolewa; asiyetahiriwa ni kĩrĩgũ, neno la dharau. Basi wakauliza: ikiwa Mama wa Bwana ameitwa mũirĩtu, katazo hili ni la Mungu au la Mzungu?

Kiisimu, hoja hiyo ina kasoro, kwani neno la Kigiriki lililofasiriwa halisemi lolote juu ya tohara. Lakini mfasiri hawezi kuazima neno akaiacha nyuma desturi iliyolizaa. Waliofunzwa kwamba Maandiko pekee ndiyo mamlaka waliigeuza kanuni hiyo dhidi ya waliowafunza.

Kutokana na mgogoro huo zilizaliwa shule za kujitegemea, ambazo zilienea hata miongoni mwa maskwota wa mashamba ya walowezi katika wilaya ya Nakuru, zilimo Molo na Sachangwan. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Ubishi huo uliendeshwa zaidi na wanaume. Wasichana, ambao miili yao ndiyo iliyobishaniwa, hawakuulizwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji. Kuhoji kanisa kulimkomboa msomaji. Hakukumkomboa binti yake.