Swali la 6 la Olimpiadi ya Hisabati, 1988

Swali la 6 la 1988 ni fumbo la nadharia ya namba lililotolewa katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati huko Canberra, Australia, na huenda ndilo swali mashuhuri kuliko yote ya mashindano hayo ya wanafunzi wa sekondari. Maelezo yake ni mafupi: a na b ni namba kamili chanya, na a² + b² inagawanyika kwa ab + 1 bila baki. Thibitisha kwamba jibu la mgawanyo huo ni kipeo cha pili cha namba kamili. Kwa mfano, 8 na 30 hutoa 964 ÷ 241, yaani 4.

Lilitoka Ujerumani Magharibi. Kati ya washindani 268, ni 11 tu waliopata alama zote 7, mmoja wao Ngô Bảo Châu wa Vietnam. Terence Tao, aliyetwaa dhahabu mwaka huo akiwa bado mtoto, aliambulia alama 1 hapa.

Ufumbuzi uliozoeleka hutumia mlinganyo wa kipeo cha pili. Jibu k likishikiliwa, jozi (a, b), a ikiwa si ndogo kuliko b, hutoa nafasi kwa jozi ndogo zaidi, (b, kb − a): kutoka (30, 8) twafika (8, 2), kisha (2, 0). Namba haziwezi kupungua milele; sifuri ikifikiwa, k hubaki kuwa mraba wa namba iliyosalia, hapa 2². Hesabu zenyewe ni nyepesi, ugumu uko katika kuwazia hatua hiyo ya kwanza.