Ruhusa za faili katika ufunguaji wa majalada yaliyobanwa

Ruhusa za faili ni alama zinazobainisha nani anaweza kuisoma, kuiandika au kuiendesha faili, nazo huweza kuhifadhiwa faili zinapokusanywa katika jalada, yaani faili moja inayobeba nyingine nyingi, ambayo mara nyingi hubanwa ili ipungue ukubwa. Programu ya tar, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, huandika mbele ya kila faili jina, mmiliki na ruhusa zake. Mtumiaji wa kawaida anapolifungua jalada, yeye ndiye huwa mmiliki, na mfumo huondoa ruhusa zilizotajwa katika umask, ambayo ni orodha ya haki za kunyimwa. Kwa mfano, ruhusa 775 chini ya umask 022 huwa 755, yaani kundi hupoteza haki ya kuandika. Msimamizi mkuu wa mfumo, kinyume chake, kwa kawaida hurejeshewa umiliki na ruhusa kama zilivyoandikwa, jambo linalomlazimu kuyakagua kwanza majalada yatokayo kwa watu asiowajua. Muundo wa zip, ulioanza mwaka 1989, huweza pia kuhifadhi ruhusa za Unix, lakini baadhi ya vifunguaji huzipuuza, na hapo programu iliyofunguliwa haiendesheki mpaka irudishiwe ruhusa yake kwa amri ya chmod.