Mkono Usiotajwa

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili: ni nadra mtu kuisifu mizani ya shairi, lakini ikipungua kila mtu hushtuka. Ndivyo lilivyo gitaa la ridhimu katika muziki. Msikilizaji humtaja mwimbaji kwanza, kisha mpigaji wa solo. Mpigaji wa ridhimu hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa.

Mfano mashuhuri ni "All My Loving" wa Beatles wa Uingereza, uliotoka mwaka 1963. Wimbo ni wa Paul McCartney, naye ndiye auimbaye. Solo ni ya George Harrison. Lakini kinachouendesha ni mkono wa kulia wa John Lennon, ambao katika beti hukata kila pigo mara tatu, upesi, bila kuchoka. Uondoe mkono huo, wimbo utabaki mzuri, ila hautatembea.

Mwaka uliofuata, 1964, ilianzishwa bendi ya NUTA Jazz mjini Dar es Salaam. Katika dansi la Tanzania mpigaji wa ridhimu hakukung'uta nyuzi zote pamoja tu. Alizichambua, akafuma kipande kifupi chenye kujirudia, na solo ikapita juu yake kama maneno yapitavyo juu ya mizani. Hata hivyo, katika Morogoro Jazz, iliyokwenda kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, wengi hulikumbuka jina moja: Mbaraka Mwinshehe, bingwa wa solo na mwimbaji.

Kazi hii ya kushikilia ni kongwe kuliko gitaa. Ushahidi uko mbali na pwani, mkoani Kagera. Wilaya ya Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kusini mwa Buhaya. Wilaya hizo mbili zimezungukwa na nchi za nanga, ala ya ubao uliochongwa mfano wa kihori, ambao juu yake uzi hupitishwa kwenda na kurudi. Mpigaji hurudia mkururo mfupi wa sauti huku akighani. Mtaalamu M. M. Mulokozi ameandika kwa kina juu ya tendi za Wahaya zinazoghaniwa hivyo. Nchini Burundi, ambako lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, yako mapigo ambamo mwimbaji hunong'ona tu. Sauti yake haina tuni, na uzi ndio unaoibeba tuni yote.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Katika nanga, aghanaye na ashikiliaye ni mtu mmoja. Haiwezekani kumsifu mmoja na kumsahau mwingine. Bendi ilipoigawa kazi hiyo kwa watu watatu au wanne, muziki ulinawiri, lakini sifa haikugawanywa kwa haki.

Wengi waliopiga ridhimu miaka hiyo wamekwishatangulia mbele ya haki. Kanda za Radio Tanzania zimehifadhi sauti za mikono yao, ingawa majina hayasikiki ndani yake. Walio hai bado wanaweza kuulizwa nani alikuwa nani. Atakayeiandika historia ya dansi na aanze na swali hilo, kabla uzi haujakatika.