Mtemi na Waliomweka

Wasikilizaji, kiongozi humcha nani? Hapo kale katika Usukuma, nchi iliyo na Malampaka, mtemi alichaguliwa na wazee waitwao banang'oma, nao waliweza kumwondoa. Sheria ya mwaka 1926 ilimtia mtemi chini ya Serikali ya Kiingereza, naye akawa hutazama boma kuliko wazee wake. Mwaka 1963 utemi ulifutwa. Leo watu wa Malampaka humpigia kura wenyewe mwenyekiti wa kitongoji, na diwani pia; bali mwenyekiti wa Halmashauri ya Maswa, kama walivyo mameya wa majiji, huchaguliwa na madiwani. Twaona basi: sikio la mkubwa huelekea kwa aliyemweka. Tukitaka atusikie sisi, yafaa tumweke sisi.